Hewa chafu ya Dar: mwongozo kamili kutoka kwa fundi AC, kuanzia jikoni kwako mpaka kwa mtendaji wa mtaa

Mimi kazi yangu ni kusafisha AC. Miaka kumi na kitu sasa napanda ngazi kwenye nyumba za watu, nafungua kava, nachomoa filta, naosha, na nikwambie tu filta haina siri. Nyumba ya Mbezi ambayo barabara yake haijawekwa lami filta inatoka na vumbi jekundu, ukiigonga linadondoka lote. Nyumba iliyo pembeni ya barabara ya Mandela, kule yanakopita malori ya bandarini, filta inatoka nyeusi na inanata, ukipitisha kidole kinakuwa kama umeshika tako la sufuria ya kuni. Alafu kuna nyumba moja Masaki, bahari unaiona dirishani kabisa, filta nyeusi vilevile. Nikashangaa, hapa moshi unatoka wapi? Kumbe mlinzi anachoma majani ya bustani kila asubuhi chini ya dirisha la chumba cha kulala cha bosi wake.

Toka siku hiyo sikubaliani tena na mtu anayeniambia hewa chafu ni viwanda. Viwanda vipo, sikatai, ila moshi unaokuingia wewe puani sehemu kubwa umewashwa hapo hapo karibu, na mwingine umeuwasha mwenyewe. Kwa hiyo huu mwongozo nimeupanga kwa umbali kutoka kwenye pua, tunaanza jikoni, tunaenda chumbani, uani, barabarani, alafu ndo tunafika kwenye ofisi za watu. Wengi wanaanzia ofisini, wanalalamikia serikali huku mlangoni kwao jiko la mkaa linafuka.

Kwanza ielewe Dar yenyewe

Sensa ya 2012 ilitukuta watu 4,364,541. Ya 2022 ikatukuta 5,383,728. Yani miaka kumi tumeongezeka milioni moja na ushee, na kila mmoja anakula chakula kilichopikwa, anatupa taka, anapanda kitu chenye injini. Jiji halijaongezeka hewa.

Watu husema Dar tuna bahari, upepo unafagia kila kitu. Ni kweli, ila ni kweli ya mchana. Mchana nchi kavu inapata joto, upepo unaingia kutoka baharini, moshi unasukumwa huko bara. Usiku upepo unalala, hewa ya chini inapoa kuliko ya juu yake, moshi unakosa pa kupandia unabaki unatambaa kwenye usawa wa madirisha. Ndo maana kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa mbili asubuhi, na tena kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa tatu nne za usiku, hewa inakuwa nzito. Bahati mbaya ndo saa hizo hizo tunazofagia na kuchoma, tunazowasha majiko, na tunazokaa foleni.

Masika mvua inaosha hewa kidogo, mtu unaona mpaka minara ya mbali. Ikija kusi, kuanzia Mei Juni hivi mpaka Septemba, kunakauka na vumbi linaamka.

Kuhusu uchafu wenyewe, neno utakalokutana nalo ni PM2.5, maana yake chembe zenye upana wa maikromita 2.5 kushuka chini. Unywele wa mtu una kama 70, kwa hiyo chembe karibu thelathini zinajipanga kwenye upana wa unywele mmoja. Vumbi kubwa pua inalikamata, unapenga linatoka jeusi. Hizi ndogo zinapita mpaka ndani kabisa ya mapafu na nyingine zinaingia kwenye damu, ndo maana madaktari wanazihusisha na moyo na kiharusi, sio kikohozi peke yake. Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linasema wastani wa mwaka usizidi maikrogramu 5 kwa kila mita moja ya ujazo wa hewa, na wastani wa siku moja usizidi 15. Kabla ya hapo walikuwa wanasema 10 na 25, wakashusha baada ya kuona hata kiasi kidogo kinaumiza.

Hatua ya 1: daftari la siku tatu

Usinunue kitu chochote kabla ya hii. Chukua daftari la mtoto, siku tatu (moja iwe Jumapili, maana Jumapili watu wapo nyumbani wanafanya usafi) kila ukisikia harufu ya moshi andika saa, unatoka wapi, ni wa nini, na upepo unatokea upande gani. Upepo unaujua kwa nguo zilizoanikwa, huhitaji mashine.

Mimi nilipofanya nilipata vyanzo tisa. Vinne vilikuwa vyetu wenyewe! Jiko la mkaa koridoni, dawa ya mbu ya kuzunguka, udi wa Ijumaa, na kijimoto cha taka nyuma ya choo. Mke wangu akacheka akasema sasa unamshtaki nani. Na mtoto wetu wa pili alikuwa anakohoa karibu mwaka mzima, tumezunguka zahanati tunapewa dawa za kifua na antibayotiki, hakuna hata mmoja aliyeuliza mnapikia wapi, mpaka tulipokutana na daktari mmoja mzee. Hilo lilikuwa swali lake la kwanza kabla hata hajamgusa mtoto.

Hatua ya 2: jikoni

Hapa ndo nitakaa sana kwa sababu hapa ndo kuna faida kubwa kwa hela kidogo.

Mkaa unatudanganya kwa sababu ukishakolea hautoi moshi wa kuonekana, tunaona safi. Ila mkaa uliokolea unatoa karboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo inang'ang'ania chembe nyekundu za damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshika. Mtu anaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, usingizi, basi. Kila mwaka wakati wa baridi kule mikoa ya nyanda za juu tunasikia familia imelala na jiko la mkaa ndani haikuamka, na huku Dar inatokea pia, mvua kubwa watu wanaingiza jiko ndani wanafunga madirisha. Usilale na jiko ndani hata kama limebaki majivu. Ukimkuta mtu kalegea kwenye chumba chenye jiko, mtoe nje kwanza, fungua milango, alafu ndo upige simu na kumkimbiza hospitali. Zimamoto ni 114.

Kama huwezi kuachana na mkaa leo, na wengi hatuwezi kwa mara moja, fanya hivi. Jiko liwashie nje, kwa sababu moshi mbaya ni ule wa kuwashia, dakika kumi na tano za mwanzo. Acha kuwashia mfuko wa nailoni na kipande cha ndala, hiyo ndo sumu kuliko mkaa wenyewe, tumia vijiti vikavu au makaratasi. Mkaa uwe mkavu, ule uliolowana na mvua uanike kwanza hata kama mchana unakufa njaa. Jiko la bati tupu achana nalo, nunua lenye udongo ndani, linashika joto na mkaa unaliwa kidogo. Funika sufuria. Maharage na makande loweka toka usiku, unaokoa muda mrefu wa moto, hii bibi zetu walikuwa wanajua sisi tumesahau kwa sababu ya haraka.

Alafu mahali pa kuweka jiko. Sehemu kubwa ya Dar bahari iko mashariki, na upepo wa mchana unatoka huko, uwe wakati wa kaskazi au wa kusi. Kwa hiyo jiko likae upande wa magharibi wa nyumba, upande wa bara, moshi uende zake badala ya kurudi ndani. Nimeona nyumba kibao banda la jiko limejengwa upande wa mashariki, dirisha la chumba cha watoto liko nyuma yake, yani upepo wa bahari ambao ungewapa watoto hewa nzuri unawaletea moshi wa ugali. Kama jiko ni la ndani, hewa inahitaji pa kuingilia na pa kutokea, chini mlango na juu kabisa karibu na dari matofali ya matundu, maana moshi wa moto unapanda. Dirisha moja lililofunguliwa nusu halitoshi.

Sasa gesi na umeme. Mtungi mdogo wa kilo 6 watu wanaununua kisha wanauweka kama pambo, wanachemshia chai ya mgeni tu, maharage wanarudi kwenye mkaa kwa sababu "gesi itaisha". Fikra hiyo naielewa ila ndo inafanya uwe na gesi na kikohozi vyote viwili. Dawa yake ni jiko la presha la umeme. Mwanzo nilidhani ni mambo ya matajiri, mpaka nilipopima kwa luku, maharage yaliyolowekwa sufuria nzima yanaiva kwa kama nusu yuniti hivi au chini ya hapo. Hata ukiwa kwenye tarifu ya kawaida ambayo yuniti ni shilingi 350 na kitu, hiyo ni shilingi mia mbili hazifiki. Linganisha na bei ya mkaa wa sufuria moja ya maharage hapo mtaani kwako, mwenyewe utapata jibu. Ugali na vya haraka haraka ndo vipikie kwenye gesi.

Ukiunga gesi pima mpira na regyuleta kwa povu la sabuni, likitoa mapovu inavuja. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa inashuka chini, kwa hiyo ukisikia harufu fungua mlango sio dirisha la juu tu, na usiguse swichi.

Serikali nayo iko kwenye hili, mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Na umeme upo kuliko zamani, bwawa la Julius Nyerere peke yake ni megawati 2,115. Sasa usisubiri 2034, anza na maharage.

Mama lishe na kaka zangu wa chipsi, nyie mnapumua moshi masaa kumi na mbili, zaidi ya mteja yeyote. Kikaango cha chipsi kihamishie kwenye gesi kwanza kabla ya kitu kingine chochote, na nyama choma iwe upande ambao upepo unautoa moshi kwenye mabenchi. Wateja watakaa zaidi, hiyo nakuhakikishia.

Hatua ya 3: chumbani

Dawa ya mbu ya kuzunguka, ile ya kijani. Utafiti mmoja uliochapishwa 2003 ulikuta kuchoma koili moja kunatoa chembe ndogo sawa na sigara kati ya 75 na 137. Soma tena. Na sisi tunaiweka chini ya kitanda cha mtoto. Chandarua chenye dawa kinafanya kazi hiyo hiyo bila moshi, weka na nyavu madirishani, basi.

Udi na ubani sitakwambia uache, mimi mwenyewe mtu wa Pwani, nyumba bila udi Ijumaa naiona imepungukiwa. Ila chetezo kipitishe vyumbani madirisha yakiwa wazi, dakika chache, alafu kitoe nje. Kufukiza chumba kimefungwa huku mtoto mwenye pumu kalala humo humo, hapana. Kibatari sihitaji kukieleza, taa za sola ndogo zipo mpaka kwa machinga. Jenereta likae nje mbali na madirisha, linatoa ile ile karboni monoksaidi.

Na kwa sababu ni kazi yangu: AC ya ukutani HAIINGIZI hewa mpya. Inazungusha ile ile ya ndani, na filta yake ni ya vumbi kubwa, PM2.5 zinapita kama hazijaona kitu. Kwa hiyo anayekwambia "mimi nina AC sina shida na moshi" mwache. Kinachosaidia ni kwamba umefunga madirisha saa za moshi. Filta osha kila wiki mbili kama uko karibu na barabara. Mashine za kusafisha hewa zenye filta ya hepa, ile inayokamata mpaka chembe ndogo, zinafanya kazi kweli, ila chumba kiwe kimefungwa, na kwa joto la Dar bila AC kufunga chumba ni adhabu, kwa hiyo mimi nawashauri tu wenye mgonjwa wa pumu kali ndani. Wengine hela hiyo nunueni jiko la presha.

Utaratibu wangu wa madirisha ni huu: nafungua saa tatu asubuhi upepo wa bahari ukianza, naacha mchana kutwa, nafunga ya upande wa barabara magharibi ikiingia, nafungua tena usiku wa manane kama hakuna anayechoma.

Hatua ya 4: taka

Kuchoma taka uani ni desturi, na desturi haitoki kwa kutukanana. Kuna bibi nyumba ya tatu kutoka kwangu alikuwa anachoma kila siku saa kumi na mbili asubuhi. Nikaenda nimebeba kiroba kitupu na embe mbili.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu, karibu, mbona na kiroba?"

Nikamwambia moshi unamsumbua mwanangu kifua, nikaomba majani awe ananipa mimi. Akasema akiyaacha mbu watajaa. Nikamwelewesha kwamba mbu hawazaliani kwenye majani makavu, wanazaliana kwenye maji, na ndoo ile iliyo nyuma ya bafu lake ndo kiwanda chao. Tukaimwaga pamoja. Majani anawapa wanangu mpaka leo, moto kabakisha wa siku moja moja, na mimi nimeridhika.

Kinachofanya watu wachome ni kwamba taka zote ziko kwenye fungu moja. Zitenganishe, fungu linapotea. Za kuoza, maganda na majani, zinaingia shimo la mboji: chimba kama kina cha goti, tandaza majani makavu, juu yake maganda, juu yake udongo kidogo, rudia, unyevu uwe kama kitambaa kilichokamuliwa. Pindua baada ya wiki kadhaa. Miezi mitatu minne una mbolea ya mchicha. Kama unakaa nyumba ya kupanga hakuna pa kuchimba tumia ndoo kubwa iliyotobolewa chini, au mpe anayefuga kuku. Chupa za plastiki, makopo na chuma weka pembeni, wapo vijana wanapita kununua kwa kilo. Kinachobaki ni kidogo sana, pampasi, vifungashio, viatu vilivyokufa, hivyo ndo vya gari la taka.

Pampasi ndo ngumu, sitakudanganya. Zinanuka, gari linachelewa, mtu anaona kiberiti ndo suluhisho. Zifunge kwenye kiroba kizito zikae kwenye ndoo yenye mfuniko. Ukichoma plastiki, hasa zile ngumu za mabomba na nyaya, unatengeneza dioksini, sumu inayokaa kwenye udongo na kwenye mayai ya kuku wako wanaochakura hapo hapo.

Gari la taka lisipokuja: nyumba kumi mkichanga kidogo kidogo mnakodi guta siku maalum ya wiki. Sisi tulijaribu kuchangishana bila mtu mmoja wa kushika hela, ikafa ndani ya mwezi. Tulipomkabidhi mama mmoja mwenye duka mpaka leo inatembea.

Hatua ya 5: barabarani

Unayetembea, pita barabara ya ndani. Moshi wa magari unapungua sana ukishahama mita mia kadhaa kutoka barabara kubwa, hata mtaa mmoja tu kwenda ndani unasaidia. Kama unafanya mazoezi ya kukimbia asubuhi pembeni ya barabara ya Morogoro, heshima kwako ila hamia uwanjani au ufukweni, na subiri jua lichomoze kidogo.

Unayeendesha, foleni ikisimama nyuma ya lori bonyeza ile swichi ya kuzungusha hewa ya ndani, ila usiisahau kutwa, hewa ikichoka unasinzia. Kwenye daladala funga dirisha mkiwa mmesimama, fungua likitembea. Watu watakununia, vumilia.

Bodaboda na trafiki na machinga wa kwenye taa, kitambaa na shali vinazuia vumbi la kuonekana tu. Barakoa ya N95 inazuia angalau asilimia 95 ya chembe kama imebana vizuri usoni, ikiwa na upenyo pembeni ni pambo. Haifuliwi. Ikichafuka au kupumua kukiwa kugumu, tupa.

Mwenye gari, angalia ekzosti yako. Dizeli ikitoa moshi mweusi mafuta hayaungui yote, kagua filta ya hewa na nozeli. Moshi wa bluu unachoma oili. Mweupe mzito usioisha injini ikishapata moto, maji yanaingia. Na tafadhali usiuze masega ya gari lako, kile kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosti, kuna mafundi wanakushawishi eti gari litakuwa jepesi, wanataka madini yaliyomo humo, wewe unabaki na gari linalotema sumu ghafi. Kisingizio cha mafuta mabaya nacho kimepungua nguvu, Afrika Mashariki tangu Januari 2015 kiwango cha salfa kwenye dizeli kiliwekwa mwisho sehemu 50 kwa kila milioni.

Gesi asilia ya Songo Songo inafika Dar tangu 2004, na bajaji na teksi zinazotumia gesi utaziona zimepanga foleni vituoni. Masizi yake ni kidogo mno. Kwa dereva wa biashara mimi nasema fanya hesabu ya kubadili mfumo, hata bila kujali mapafu ya mtu. Mwendokasi ilipoanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni ilituonyesha kwamba basi moja refu linabeba watu wa daladala kadhaa, tatizo letu ni mabasi kutotosha, mtu akisubiri saa nzima anarudi kwenye bodaboda. Treni ya umeme ya Morogoro imeanza Juni 2024, haina moshi kabisa ikipita, ukiweza kwenda nayo badala ya gari nenda.

Hatua ya 6: vumbi

Fupi tu. Mwagia maji mbele ya nyumba kabla ya kufagia, sio baada. Deki kwa kitambaa chenye unyevu. Anayejenga afunge neti na afunike mchanga kwa turubai. Panda uzio mnene upande wa barabara, mchongoma au chochote kinachojaa majani toka chini, maana mti mrefu wenye shina tupu unapitisha vumbi chini yake kama kawaida. Miti ni mizuri kwa kivuli ila usidhani mwarobaini mmoja utakusafishia hewa ya Buguruni.

Hatua ya 7: kupima

Simu yako ikikuonyesha rangi ya hewa ya Dar, ujue mara nyingi hiyo ni hesabu ya kompyuta inayotumia setilaiti kwa eneo kubwa, haimjui jirani yako. Itumie kulinganisha siku na siku, sio nyumba na nyumba.

Vipima hewa vidogo vya leza vipo. Kwa unyevu wa Dar vinaweza kusoma juu kuliko hali halisi, hasa alfajiri, kwa sababu leza inaona tone la unyevu kama chembe. Kwa hiyo weka kwenye usawa wa pua, mbali na jiko, linganisha saa na saa za siku zinazofanana. Wenzetu wa Makerere, Kampala, wana mradi unaitwa AirQo, wametengeneza vipima vyao wenyewe na kuvitundika mjini kote, vingine wamefunga kwenye bodaboda. Hilo linawezekana na hapa, shule moja moja.

Ukiwa huna hela, chukua sahani nyeupe, paka vazelini nyembamba, weka dirishani siku mbili, nyingine weka upande wa pili wa nyumba. Hii inakamata vumbi na masizi makubwa tu, PM2.5 haikuonyeshi, ila nimeona mwenye nyumba mbishi akibadilika kwa kuwekewa sahani mbili mezani.

Ukiwa na mgonjwa

Mtoto akipumua mbavu zinaingia ndani, au mtu mwenye pumu akashindwa kumaliza sentensi, au midomo ikabadilika kuwa ya bluu, hiyo ni hospitali sasa hivi, sio kesho. Mwenye pumu pampu yake ikae mfukoni, sio kabatini. Mjamzito na mtoto mchanga wasikae karibu na jiko hata kama desturi ya nyumba inasema mzazi akae karibu na moto.

Hatua ya 8: kwa wenye ofisi

Jirani kashindikana, au ni gereji inachoma matairi, au kiwanda kidogo cha kuyeyusha vyuma. Nenda kwa ngazi. Mjumbe wa shina kwanza, kwa sababu anamjua kila mtu na mengi yanaishia hapo hapo kwenye benchi lake. Kisha mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji. Kisha bwana afya wa kata, huyu ana meno, halmashauri zina sheria ndogo za usafi na yeye ndo anaandika faini. Ikiwa ni kiwanda au kitu kikubwa, NEMC, lile baraza la taifa la mazingira.

Usiende mikono mitupu wala na hasira. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inamruhusu kudai haki hiyo. Viwango vya ubora wa hewa vina kanuni zake za 2007. Na usidhani mtu wa kawaida hashindi. Hapa hapa Tabata, wakazi walilishtaki jiji Mahakama Kuu, kesi ya madai namba 299 ya 1988, kwa sababu ya dampo lililokuwa linawafukiza moshi na harufu. Walishinda. Jiji likarudi kuomba liongezewe muda wa kuendelea kumwaga, na Jaji Lugakingira akagoma, akashangaa mamlaka ya umma kuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu, akaegemea ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi. Mimi nimezaliwa nikisikia wazee wanaisimulia hiyo kesi kibarazani, nilipokuja kuielewa nilikuwa mtu mzima.

Barua iwe ukurasa mmoja. Andika ni nini kinachomwa, wapi, siku na saa (daftari lako la hatua ya kwanza ndo linafanya kazi hapa), tangu lini, na mlishaongea naye mara ngapi. Ambatanisha picha zenye tarehe, majina na sahihi za nyumba zinazoathirika, hata tano zinatosha, na kama kuna mtoto aliyetibiwa kifua weka nakala ya cheti. Malizia kwa kuomba kitu kimoja kinachotekelezeka, mfano bwana afya aje akague ndani ya siku kumi na nne, maana ukiomba "hatua kali zichukuliwe" barua inaingia kwenye faili. Toa nakala mbili, moja waachie, na usitoke hapo mpaka ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, hata wakikwambia aliyeshika muhuri kaenda kunywa chai. Kaa kwenye benchi umsubiri.